Dini Isiyo na Pensheni

Forlì, Italia

Abti, mjomba wangu,

Ujumbe wako wa sauti umenifikia, ingawa upepo wa Buna ulikuwa ukishindana nawe. Unataka kujua Wakristo wa huku wanaishije dini yao, na kama wote wako namna ya yule mwanamke aliyekutibu kwenye Manyatta ya Wajir. Hapana, hawako hivyo. Kwa simu jibu hilo lingetosha. Lakini mhariri ananidai ukurasa mzima, nawe una mjukuu anayekusomea gazeti jioni, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu, na wasomaji wengine wakae nasi jamvini.

Forlì ni mji wa watu laki moja na ushee katika tambarare ya Romagna, kati ya Bologna na bahari. Huku hakuna anayelala njaa kwa sababu mvua imekosekana. Ukiugua unatibiwa. Ukizeeka, pensheni inaingia benki mwanzo wa mwezi. Ukifa, manispaa inajua utakapozikwa. Watu ni wapole. Mwanamke mwenye hijabu kama mimi hutazamwa kidogo kwenye basi kisha husahaulika, na kusahaulika si jambo baya kwa mtu aliyekua akitolewa garini aonyeshe kitambulisho kila kizuizi kutoka Wajir hadi Garissa.

Makanisa ni mengi, tena ya kupendeza. Pale uwanja wa Saffi liko la San Mercuriale, na mnara wake wa matofali umesimama tangu karne ya 12. Watalii huinua shingo kuupiga picha. Jumapili ndani utakuta wazee wa rika lako, wajukuu wawili watatu walioburutwa, na padri mgeni. Ninayemfahamu mimi ametoka Bukavu. Yeye na Kiswahili chake cha Kivu, mimi na changu cha kaskazini mwa Kenya, tunaelewana vizuri kuliko anavyoelewana na waumini wake. Kwao, anasema, misa inayochukua saa tatu ni fupi. Hapa ikivuka saa moja watu huanza kutazama saa, na akihubiri kuhusu yule tajiri aliyeambiwa auze mali yake yote awape maskini, wanamsikiliza kwa adabu, wanampa mkono mlangoni, kisha wanaenda kula chakula cha mchana kinachochukua muda mrefu kuliko misa yenyewe.

Usidhani ni wachoyo. Wanatoa, na kutoa kwao kumepangwa vizuri sana. Kila mwaka mtu anapojaza fomu ya kodi, anaweza kutia sahihi ili sehemu nane katika kila elfu ya kodi ya mapato iende kwa Kanisa Katoliki, au kwa serikali, au kwa mojawapo ya dini zenye mkataba na serikali. (Sisi Waislamu hatuna mkataba huo, kwa hiyo hatumo kwenye orodha.) Sahihi hiyo haimgharimu mtu hata senti moja zaidi ya kodi ambayo angelipa vilevile. Nilipoelezwa jambo hili mara ya kwanza nilifikiria zaka, na jinsi marehemu baba alivyokuwa akisimama zizini muda mrefu akichagua mbuzi wa kutoa, huku uso ukimsaliti kwamba huyo aliyemchagua anamuuma.

Lakini kama kweli unataka kujua watu hawa wanaamini nini, waulize kuhusu pensheni. Kazi yangu ni kumtunza bibi mmoja aliyekwisha kupita miaka 80. Watoto wake, marafiki wa watoto wake, fundi wa mabomba, muuza magazeti, wote mazungumzo yao huishia hapo: amelipa michango ya miaka mingapi, imebaki mingapi, sheria ikibadilishwa atapoteza nini. Sisi Buna tunaulizana hali ya mifugo kabla ya hali ya watu. Wao wanaulizana michango. Siwacheki. Mtu aliyelelewa na vita na njaa ya baada ya vita ana haki ya kutaka uzee wake uwe na paa.

Ndiyo maana jambo lililonishangaza zaidi katika maisha ya Annalena Tonelli, huyo mwanamke wako wa Manyatta, nilipokuja kuyasikia upya katika mji wake mwenyewe, halikuwa risasi wala tuzo. Lilikuwa hili: hakuchangia pensheni. Alisema hivyo waziwazi mwaka 2001 alipoitwa Vatican kutoa ushuhuda. Hana mshahara, hana shirika la kitawa linalomtunza, hajaweka kitu cha uzeeni. Kwa sikio la Muitaliano hilo ni tamko kali kuliko kusema umewapenda maadui zako.

Huku hakuna asiyelijua jina lake, lakini wewe ulimjua akiwa na bakuli la vidonge mkononi, kwa hiyo acha nikupe alikotokea. Alizaliwa hapa mwaka 1943, akasomea sheria, akamsoma Gandhi kwa kiu. Alikuja Kenya mwaka 1969 akiwa na umri wa miaka 25, akaanza kwa kufundisha shule, kisha akafika Wajir. Hakuwa mtawa, ingawa nyinyi mlimwita sista. Alikuwa msomi wa sheria ambaye hakufanya uwakili. Na hakuwa Muitaliano wa kwanza kuonekana upande wetu. Julai 1940 jeshi la Mussolini liliiteka Moyale likashuka mpaka Buna yetu, na nyanya alikuwa akisimulia jinsi wazee walivyoswaga ngamia wao usiku kwenda mbali na askari wale. Kati ya kundi lile la bunduki na mwanamke yule mwembamba haikupita hata miaka 30.

Sasa nikuulize wewe, maana hujawahi kunieleza mambo yote. Najua nyanya aliuficha ukohozi wako. Najua TB ilikuwa aibu ya ukoo mzima, kwamba mgonjwa alitengewa kikombe, kisha mkeka, kisha herio (kibanda cha mikeka) yake peke yake pembezoni mwa boma, na kwamba familia ikihama kufuata malisho palikuwa na wagonjwa ambao hawakupakiwa kwenye ngamia. Dawa za wakati ule zilichukua mwaka na nusu. Mfugaji gani atakaa mwaka na nusu hospitalini? Akipata nafuu kidogo anatoweka na wanyama wake, na ugonjwa unarudi ukiwa mkaidi zaidi. Wengi walikuwa wameamua kwamba wahamaji hawatibiki. Hawakusema kwamba labda tatizo ni matibabu yasiyohama.

Alichofanya Annalena kuanzia mwaka 1976 kinaonekana chepesi tukikitazama leo. Aliwaambia wagonjwa waje na mikeka yao na jamaa zao, wajenge herio zao kwenye kiwanja kilichokuja kuitwa Manyatta, waishi kama wanavyoishi, na kila asubuhi kwa miezi sita, badala ya mwaka na nusu, wameze dawa mbele ya macho ya mtu. Kidonge kimeingia, kimepita, kesho tena. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilieneza kumeza kwa kusimamiwa namna hiyo duniani kote, na katika historia ya mpango huo Manyatta ya Wajir ina nafasi yake. Wewe ulinisimulia sehemu moja tu: kwamba siku ya pili ya dawa mkojo wako ulitoka mwekundu, ukaamini yule gaal, kafiri, amekuloga, ukafunga kibuyu chako kurudi Buna kwa miguu, naye akakukuta njiani, akakaa chini kwenye mchanga, akakueleza mpaka jua likazama. Ile dawa hugeuza mkojo rangi hata kwa Muitaliano. Nimeuliza.

Hakumbatiza mtu. Wengi hapa hawaelewi jambo hilo, na baadhi ya Wakristo wenzake walimlaumu kwalo. Hakuwa na jumuiya ya waumini wenzake. Wakristo wa Wajir walikuwa watumishi wa serikali, walimu na askari waliohesabu siku za uhamisho. Alisali peke yake, alfajiri, katika mji ambao watoto walimrushia mawe miaka ya mwanzo. Nasikia huku watu wakisema imani inahitaji jumuiya, kwaya, kambi ya vijana, na pengine ni kweli kwa wengi. Yeye aliishi yake kwa miaka zaidi ya 30 bila hivyo vyote, katikati ya watu waliokuwa na hakika kwamba amepotea. Nasema hili nikiwa mmoja wa watu hao.

Kuhusu mauaji ya Wagalla sina haja ya kukueleza wewe, ila wasomaji wa pwani na bara wanasahau upesi. Tarehe 10 Februari 1984 jeshi lilikusanya wanaume wa ukoo wa Degodia, likawapeleka kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, nje ya Wajir, kwa jina la kutafuta silaha. Walivuliwa nguo, wakalazwa juani siku kadhaa bila maji, wengi wakauawa. Serikali ilitaja watu 57. Mwaka 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilisema ni karibu elfu moja, na manusura wanataja wengi kuliko hao. Annalena alitoka na gari kutafuta waliotupwa porini, akawatibu waliokuwa na pumzi, akawazika wasiokuwa nayo, na habari alizosaidia kutoa zikavuka mipaka mpaka dunia ikauliza. Mwaka uliofuata ilibidi aondoke Kenya. Alikuwa mgeni mwenye kibali cha kuomba kila mara. Angefunga macho, angebaki na wagonjwa wake, na angekuwa na hoja nzuri sana ya kufunga macho: nani atawapa dawa nikifukuzwa?

Mara nyingi nimegeuza hoja hiyo kichwani nikimwogesha bibi yangu. Ni hoja ya kila mtu mwenye heshima, awe na nyumba nzuri Forlì au duka la jumla Wajir mjini. Tunanyamaza kwa ajili ya wanaotutegemea.

Alikwenda Somalia, vita vikamkuta huko, na mwishoni akakaa Borama, kule Somaliland, na hospitali yake ya TB, shule ya watoto viziwi, na kampeni yake dhidi ya ukeketaji ambayo ilimwongezea maadui. Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo ya Nansen kwa kuwatumikia wakimbizi. Miezi michache baadaye, usiku wa tarehe 5 Oktoba, alipigwa risasi katika uwanja wa hospitali hiyohiyo. Alikuwa na miaka 60, umri ambao wenziwe hapa wanaanza kujaza fomu za kustaafu.

Na Forlì inamkumbukaje? Inamkumbuka vizuri, kupita kiasi pengine. Kuna makongamano, vitabu, picha yake yenye kitambaa kichwani. Mji wenye starehe humpenda mtakatifu aliye mbali, na akiwa amekufa humpenda zaidi, kwa kuwa hawezi kurudi akauliza chumba cha wageni kina vitanda vingapi. Nilikuwa na hukumu hiyo tayari mdomoni. Lakini kuna mambo mawili yaliyonizuia kuitoa yote.

La kwanza ni kwamba yeye alianza hapahapa. Kabla ya Kenya alikaa miaka sita akiwahudumia maskini wa mtaa mmoja mbovu wa Forlì, watoto wa nyumba ya yatima, wasichana wenye ulemavu wa akili. Mwaka 1963 yeye na wenzake walianzisha Kamati ya Kupambana na Njaa Duniani, vijana wakapita nyumba kwa nyumba kukusanya matambara na vyuma chakavu. Kamati ingalipo. Ina ghala la vitu vilivyotumika, nguo, viti, sahani, vitanda vya watoto, na wastaafu wanavipanga, wanaviuza, fedha zinakwenda kwenye kazi kama ile ya Manyatta. Ni binamu wa mitumba yetu ya soko la Gikomba, isipokuwa faida haimwendei mtu. Bibi yangu alitoa makoti yote ya marehemu mumewe huko, isipokuwa moja analoliweka nyuma ya mlango, akidai kwamba ni kwa ajili ya mvua.

La pili liko Rimini, mji wa pwani usio mbali na hapa. Kiangazi Rimini ni disko, miavuli ya baharini na mvinyo mpaka alfajiri. Katika mji huohuo padri mmoja aitwaye Oreste Benzi, aliyefariki mwaka 2007, alikuwa akitembea usiku na kanzu yake nyeusi iliyochakaa kwenye barabara wanakosimama wasichana waliouzwa kutoka Nigeria na Ulaya Mashariki, akizungumza nao, na anayetaka kutoka anaondoka naye usiku uleule. Anampeleka wapi? Nyumbani kwa watu. Jumuiya aliyoianzisha mwaka 1968, wameipa jina la Papa Yohane wa 23, ina nyumba ambazo mume na mke wa kawaida, wenye watoto wao, wanaishi na wasio na watu: mlemavu, mfungwa anayemaliza kifungo chake, mama aliyekimbia kipigo. Benzi alikataa neno kituo. Alitaka pawe na baba, mama na meza moja.

Nimekula kwenye meza mojawapo. Mume anafanya kazi ofisini. Mke ameacha kazi yake. Kulikuwa na watoto wao, kijana mkubwa asiyesema ambaye alinishika hijabu yangu muda wote wa chakula, msichana wa Benin City aliyenitengea kuku mbali na nguruwe kabla sijauliza, na mzee aliyetoka gerezani ambaye alikula haraka akiwa amezungushia sahani mkono. Yule kijana hupiga kelele usiku. Jirani wamelalamika kwa manispaa. Ndugu wa mke wamepunguza kuja. Nilimuuliza mke kama hachoki, akanitazama kama vile nimemuuliza kama hapumui, akasema amechoka tangu mwaka wa kwanza, kisha akaniomba nimsaidie kuanua nguo.

Hao ndio niliowaona wanamkaribia yule mwanamke wako wa Manyatta, Abti. Hawana mahubiri. Wametoa kile ambacho watu wa huku hawakitoi hata wakitoa fedha: funguo, usingizi, na heshima mbele ya majirani. Wapo wachache sana. Padri wa Bukavu anasema hata kwao wako wachache, ila huko watu hawana mlango wa kufunga, kwa hiyo hutambui tofauti.

Mafuriko ya Mei 2023 yalinionyesha kitu kingine. Mito ilivunja kingo, mitaa ya Forlì ikajaa tope mpaka dirishani, na ghafla vijana ambao hawaendi kanisani wakatokea na makoleo kwa mamia. Wanawake wa msikiti wetu tulipika chai kwenye sufuria kubwa na kuwapelekea. Wiki mbili hivi mji mzima ulikuwa boma moja. Kisha tope likakauka, fomu za fidia zikaja, kila mtu akarudi nyuma ya mlango wake. Ukarimu wa siku ya msiba wanao, kama sisi.

Na sisi? Utanikasirikia hapa. Starehe haitokani na fedha peke yake. Buna ina ukame, ina barabara mbovu, lakini ina starehe moja ambayo Forlì haina: kila mtu anaamini kile ninachoamini, na hakuna siku niliyoulizwa kwa nini. Waliokuwa wakiishi dini yao kwa gharama Buna walikuwa wale walimu wa kutoka Kitui na Kisii waliokodi vyumba karibu na shule, wakiimba Jumapili darasani kwa sauti ya chini. Sisi watoto tuliwachungulia dirishani tukicheka. Novemba 2014 al-Shabaab waliwateremsha abiria wa basi la Mandera, wakawaua 28 waliowaona si Waislamu, wakiwamo walimu. Aprili 2015 ikawa Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148. Walimu waliondoka kaunti zetu, na wadogo zangu wakakaa bila mwalimu wa hesabu. Nimesikia wazee wakiwaita waoga. Mwalimu aliyenifundisha hiki Kiswahili ninachokuandikia alikaa Buna mpaka mke wake alipomlilia kwenye simu, na mimi sithubutu kumwita jina lolote.

Ila palikuwa pia na Salah Farah. Desemba 2015, karibu na El Wak, basi jingine, al-Shabaab walewale, wakiamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa, wanawake wakawavika wenzao Wakristo hijabu, naye, mwalimu Mwislamu, akapigwa risasi na kufa mwezi uliofuata. Wakati ninapowaeleza watu wa ghala habari hiyo huwa wananitaka niirudie polepole, wakiandika jina.

Sasa, kuna jambo la kufanya. Ghalani yuko mzee aliyekusanya matambara na Annalena akiwa kijana. Miaka yote hiyo amepakia vitanda na kuhesabu fedha, na hajawahi kusikia sauti ya mgonjwa hata mmoja. Nimemwahidi wewe. Ni Jumamosi hii baada ya Alasiri kwenu. Saa zetu ziko nyuma kwa saa mbili msimu huu wa baridi, kwa hiyo usinipigie wewe, nitapiga mimi. Simu ichajiwe mapema kwa yule kijana wa sola, na umwambie asiwakopeshe watu betri yako. Nitatafsiri kila kitu, hata matusi. Usianze na siasa za kaunti. Anza na ule mkojo mwekundu.